Kozi mseto ya stashahada ya uuguzi na ukunga: tathmini ya aliyeimaliza

Nimemaliza miezi 24 ya kozi inayowapandisha wauguzi wakunga kutoka ngazi ya astashahada hadi stashahada bila kuwaondoa kazini. Sehemu kubwa ya nadharia husomwa mtandaoni, kila baada ya miezi mitatu wanafunzi hukutana chuoni kwa wiki mbili, na kati ya mkutano mmoja na mwingine mafunzo kwa vitendo hufanyika katika kituo kile kile ambacho mwanafunzi ameajiriwa. Kwangu mimi kituo hicho ni kituo cha afya cha vijijini mkoani Singida, chenye chumba kimoja cha kujifungulia na wakunga wachache wanaopokezana zamu. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaandika ni malalamiko, na kwa kuwa sina sababu ya kuamini kwamba kasoro nilizoziona ni zake peke yake. Ninawaandikia wenzangu ambao kila dirisha la udahili linapofunguliwa huulizana kama kozi ya namna hii inafaa, au kama ni heri kusubiri ruhusa ya mwajiri, hata ikichukua miaka, ili mtu aende akakae darasani.

Jibu langu ni kwamba inafaa sana pale ambapo chuo kimeshona pamoja sehemu zake tatu, yaani somo la mtandaoni, chumba cha mazoezi na wodi, kiasi kwamba mwanafunzi hapewi somo leo akangoja miezi miwili kabla ya mikono yake kuligusa. Katika kozi niliyoisoma mshono huo ulishika vizuri mahali fulani na ukafumuka mahali pengine. Uliposhika, nilijifunza kuliko nilivyojifunza miaka yangu yote ya bweni nilipokuwa nasomea astashahada, na ulipofumuka, nililipa ada ya kutazama video.

Utaratibu wenyewe si mgeni katika eneo letu. Wenzetu wa Kenya walitangulia mwaka 2005, wakati shirika la Amref, kwa kushirikiana na Baraza la Uuguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, lilipoanzisha mpango wa kuwaendeleza kwa njia ya kompyuta wauguzi zaidi ya 20,000 waliokuwa na ngazi ya cheti, kwa sababu madarasa yaliyokuwapo yasingeweza kuwapokea wote hata baada ya miongo kadhaa. Ikumbukwe kwamba hapo nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa bado hazijafika pwani yetu. Wa kwanza wa nyaya hizo ulianza kufanya kazi mwezi Julai 2009. Kisha ikaja korona, vyuo vya Tanzania vikafungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni, na katika wiki hizo walimu wengi ambao hawakuwahi kurekodi hata somo moja wakalazimika kuanza. Nadhani vyuo vingi vilivyorithi mazoea ya kipindi kile vilirithi pia udhaifu wake, yaani kuchukua mhadhara wa saa mbili, kuurekodi kama ulivyo, na kuuita somo la mtandaoni.

Chuo changu kilianza hivyo hivyo. Jukwaa kinalotumia limejengwa juu ya Moodle, programu ya bure iliyotolewa na Martin Dougiamas mwaka 2002 na inayotumiwa na vyuo vingi duniani, na kwa hilo sina neno baya, kwa kuwa inafunguka hata kwenye simujanja ya bei nafuu na mwanafunzi anaweza kupakua maandishi akayasoma mahali pasipo na mtandao. Shida ilikuwa video. Katika muhula wa kwanza kila video ilikuwa ya dakika 40 au zaidi, na bando langu la wiki liliisha siku ya tatu. Nilikuwa nikipanda hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba za watumishi ili nipate mawimbi ya mnara, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na mara nyingi video ilikatika katikati ya maelezo nikalazimika kuanza upya. Tulilalamika kwa maandishi, na chuo kilisikia: kuanzia muhula wa pili video zilikatwa vipande vya dakika 8 hadi 10, kila kipande kikaambatana na maelezo ya kurasa mbili, na kila tulipokwenda chuoni tuliwekewa masomo ya muhula mzima kwenye memori kadi. Ninasifu hatua hiyo kwa moyo wote, maana haikuhitaji mitambo mipya wala wafadhili, ilihitaji mtu wa kufikiri kuhusu mahali mwanafunzi anaposomea.

Sasa niseme ni masomo gani yalistawi kwa njia ya mtandao. La kwanza ni hesabu za dawa. Chukua dawa ya kifafa cha mimba, magnesiamu salfeti. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4, dawa inapatikana kwenye vichupa vya asilimia 50, na inatakiwa ipunguzwe nguvu hadi asilimia 20 kabla ya kuchomwa polepole. Kwa hiyo mkunga anavuta mililita 8 za dawa, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20. Baada ya hapo zinafuata gramu 5 katika kila tako. Darasani, miaka ile ya astashahada, mwalimu aliandika hesabu hii ubaoni mara moja, tukainakili, na wengi wetu tuliikariri kama shairi bila kujua kwa nini maji ni 12. Mtandaoni niliifanya zaidi ya mara 30, kila mara tarakimu zikiwa zimebadilishwa: kichupa cha nguvu nyingine, mgonjwa mwenye mkojo mchache, dozi ya kuendeleza inayotakiwa kusitishwa kwa kuwa pumzi ya mama imeshuka chini ya 16 kwa dakika au goti lake haliruki linapogongwa. Nilipokosea, jukwaa lilinionyesha hatua niliyoikosea, wala halikunikaripia mbele ya darasa. Mtu mzima mwenye miaka kumi kazini huona aibu kukosea kugawanya mbele ya vijana, na aibu hiyo imewazuia wengi kuuliza. Kwa somo hili peke yake ningekuwa tayari kulipa ada tena.

Mwaka 2008 David Cook na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu ufundishaji wa wataalamu wa afya kwa intaneti, wakaona kwamba ukiulinganisha na kutofundishwa kabisa faida yake ni kubwa, lakini ukiulinganisha na njia nyingine za kufundisha tofauti kwa jumla ni ndogo, tena inatofautiana sana kutoka somo hadi somo. Nilipousoma muhtasari huo katika moduli yetu ya utafiti nilikubaliana nao kutokana na niliyoyapitia mwenyewe. Mtandao haukunifundisha hesabu kwa sababu ni mtandao. Ulinifundisha kwa sababu kuna mwalimu aliyekaa akatunga maswali yenye tarakimu zinazobadilika na maelezo ya kila kosa. Moduli ya saikolojia ya ujauzito, ambayo mwalimu wake alipakia slaidi tu na kutuachia, sikujifunza chochote humo ambacho nisingekipata kwa kusoma kitabu.

Patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa kujifungua, nayo ilifundishwa vizuri, lakini ilitupa pia kasoro ambayo nataka vyuo viisikie. Moduli ilitupa simulizi za akina mama walioko leba, saa baada ya saa, na sisi tulitakiwa kuchora mpigo wa moyo wa mtoto, uchungu, kushuka kwa kichwa na njia ilivyofunguka, kisha kuamua lini tuite gari la wagonjwa. Uamuzi huo wa rufaa ndio uhai wa mkunga wa kijijini, kwa sababu kutoka kwetu hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji ni mwendo wa saa nzima barabara ikiwa kavu. Sasa, moduli iliyoko mtandaoni ilisema hatua ya uchungu mkali huanza njia inapofunguka sentimita 4. Tulipofika chuoni, mkufunzi wa ana kwa ana alitufundisha kwa Mwongozo wa Huduma ya Leba ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2020, unaoanza na sentimita 5. Walimu wawili wa chuo kimoja, kozi moja, muhula mmoja, walitupa namba mbili, na mtihani wa mtandaoni ukasahihisha kwa namba ya zamani. Kwa mama anayehusika, tofauti ya sentimita moja inaweza kuwa saa kadhaa za kuhesabiwa kuwa amechelewa au hajachelewa, kutundikiwa dripu ya kuongeza uchungu au kuachwa atembee. Somo la darasani hurekebishwa mwalimu anapobadili maneno yake asubuhi ile ile, ila somo lililorekodiwa hubaki na kosa lake mpaka mtu apewe kazi ya kulirekebisha, na chuoni kwetu hakukuwa na mtu huyo. Ilichukua miezi mitano video ile kuondolewa.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike tathmini hii. Katika muhula wa pili tulisoma namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua baada ya kuzaliwa. Video zilikuwa safi kabisa, zimefuata mafunzo ya Helping Babies Breathe yaliyozinduliwa mwaka 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, na zilieleza kwa ufasaha Dakika ya Dhahabu: mkaushe, msugue mgongo, safisha njia ya hewa ikihitajika, na kama hapumui, kabla ya dakika moja kuisha awe ameanza kupewa hewa kwa mfuko wa kusukuma hewa na barakoa ya kufunika pua na mdomo, pumzi 40 kwa dakika. Nilipata alama 95 kwenye mtihani wa mtandaoni. Wiki za kwenda chuoni zilikuwa bado siku 40 mbele, na vifaa vya mazoezi vilikuwa huko huko chuoni.

Katika siku hizo 40 alizaliwa mtoto aliyelegea, usiku, mimi nikiwa kwenye zamu na mkunga mmoja mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye sote tunamwita Bibi. Nilikumbuka kila hatua. Nilimkausha, nikamsugua, nikamweka kwenye meza, nikachukua mfuko, na hewa haikuingia, kwa sababu barakoa ilikuwa ikivuja pembeni mwa shavu na kichwa nilikuwa nimekikunja mno. Nilijua, kwa maneno, kwamba kifua kinatakiwa kipande, na nilikiona hakipandi, lakini vidole vyangu havikujua la kufanya. Bibi alinisogeza kwa bega, akakinyoosha kichwa kidogo, akaibana barakoa kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta taya mbele kwa vidole vilivyobaki, na baada ya pumzi kama kumi mtoto alilia. Mama yake hakujua lolote, alikuwa akinishukuru mimi. Bibi hajawahi kufungua jukwaa lolote la mtandaoni, na hakunisema kwa neno hata moja. Kesho yake alinitengea dakika kumi baada ya makabidhiano ya zamu, tukafanya mazoezi kwa mfuko ule na mwanasesere wa kawaida aliyekuwa wa mjukuu wake.

Baadaye nilipata kusoma kilichotokea katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ambako kutoka kwetu si mbali. Wahudumu wa pale walipewa mafunzo yale yale ya Helping Babies Breathe, kwa siku moja, mwaka 2010. Walipopimwa kwa mwanasesere miezi kadhaa baadaye, walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti waliokuwa wakifuatilia kazi halisi katika chumba cha kujifungulia hawakuona mabadiliko ya maana katika namna watoto walivyohudumiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Hospitali ikabadili utaratibu: badala ya siku moja tu, wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki wakiwa kazini, pamoja na kikao kirefu kidogo kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takribani 11 hadi takribani 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Wahudumu wale hawakuongezewa nadharia. Kilichoongezeka ni idadi ya mara ambazo mikono yao ilishika barakoa karibu na mahali na siku ya kazi.

Haydom haikuwa ikifundisha mtandaoni, na bado ninaiona kama kipimo bora cha kuipimia kozi yoyote mseto ya afya. Kama hata siku nzima ya ana kwa ana, mbele ya mwalimu na mwanasesere, haikutosha kuvuka mlango wa leba, basi video iliyotazamwa kwenye kichuguu haitavuka. Chuo kilichoniambia nimefaulu somo kwa alama 95 kilikuwa kimepima kumbukumbu yangu, na kumbukumbu yangu ilikuwa sawasawa. Tulipofika chuoni siku ya 41, mazoezi yalikuwa ya hali ya juu, mkufunzi mmoja kwa wanafunzi watano, kila mmoja akirudia mpaka kifua cha mwanasesere kipande mara kumi mfululizo. Nilitamani tu mambo hayo mawili yangefuatana ndani ya wiki moja, au chuo kingetupatia kila mmoja mwanasesere wa kujaza maji, ambaye hukunjwa akaingia kwenye mkoba, tuondoke naye.

Somo la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, lililofuata muhula wa tatu, lilionyesha kwamba chuo kilekile kiliweza kufanya vizuri. Mkufunzi wake alipanga video fupi zitazamwe katika siku tatu za mwisho kabla ya safari, na siku ya kwanza chuoni hakutoa mhadhara hata mmoja. Tulikuta meza zimepangwa shuka, mabeseni, pedi na khanga zilizomwagiwa maji yenye rangi nyekundu, kila meza kiasi chake, tukatakiwa kukadiria mililita. Karibu wote tulikadiria pungufu, wengine nusu ya kiasi halisi. Hapo ndipo alipotukumbusha utafiti uliofanywa Kigoma, ambapo khanga mbili zilizolowa zilitumika kama alama ya kutambua kwamba mama anayejifungulia nyumbani amepoteza damu ya kutisha, na akatuonyesha mfuko wenye vipimo unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Mfuko huo ulikuwa sehemu ya huduma iliyojaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba hatari ya mama kufikwa na madhara makubwa ya kutokwa damu ilipungua kwa asilimia 60, pale upimaji ulipoambatana na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini ya kuubana, traneksamiki asidi ya kusaidia damu kuganda, dripu, na uchunguzi. Video ilikuwa imetupa orodha, shuka likatupa macho ya kuona, na niliporudi kituoni nilikuwa leba nikitumia vyote viwili. Mpangilio wa somo hili ungekuwa wa kozi nzima, nisingekuwa na malalamiko.

Sehemu ya tatu ya mseto, yaani mafunzo kwa vitendo kituoni, ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake haukutokana na teknolojia. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na msimamizi wa vitendo kituoni kwake, mtu wa ngazi ya stashahada au zaidi, anayeshuhudia kila stadi na kuweka sahihi kwenye daftari la stadi. Chuo kilimtumia msimamizi wangu barua moja, hakikumpa mafunzo, hakikumlipa, na hakikumwomba mwajiri amtengee hata saa moja kwa wiki. Alikuwa ndiye pekee wa ngazi hiyo kituoni, ana kliniki ya wajawazito asubuhi, takwimu za mwezi za kujaza, na simu za rufaa. Mimi sikumlaumu aliposaini kurasa nne siku moja kabla ya safari yangu, na najua kwamba wenzangu wengi walisainiwa hivyo hivyo, baadhi kwa stadi ambazo hawakuwahi kuzifanya. Chuo kilizipokea sahihi hizo kama ushahidi. Ninaliona jambo hili kuwa zito kuliko video zilizokatika na namba zilizogongana, kwa kuwa atakayekuja kulilipa ni mama aliye kitandani, ambaye hakuulizwa.

Kilichopunguza madhara ni mtihani wa mwisho wa vitendo, ambao kwa bahati njema haukufanywa mtandaoni. Ulikuwa mtihani wa vituo, mfumo ulioasisiwa na Ronald Harden huko Dundee, Scotland, mwaka 1975, ambapo mwanafunzi huzunguka kutoka meza hadi meza, dakika chache kila moja, na kila meza ina kazi ya kufanywa mbele ya mtahini mwenye fomu ileile kwa wote. Wanafunzi kadhaa waliokuwa na sahihi kamili walianguka katika kituo cha kutoa kondo la nyuma kwa mkono. Walipewa miezi mitatu ya kurudia. Nilihuzunika kwa ajili yao, na bado naamini mtihani ulifanya kazi yake. Mitihani ya mtandaoni, kwa upande wake, ilikuwa na thamani ndogo isipokuwa ile ya hesabu zenye tarakimu zinazobadilika. Mingineyo picha za skrini za majibu zilikuwa zikizunguka kabla ya saa ya kwanza kwisha, na hakuna aliyejificha.

Nisiache kutaja kundi la WhatsApp, ambalo halikuwa katika prospektasi lakini lilikuwa darasa letu la kweli. Kozi inafundishwa kwa Kiingereza, na humo kundini ndimo tulimofasiriana: mmoja anaeleza kwa sauti, kwa Kiswahili, nini hasa maana ya namba ya chini ya presha kuzidi 110, mwingine anasimulia jinsi alivyomweleza bibi wa Kinyaturu kwa nini binti yake asipewe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Kuna mambo niliyoyaelewa humo ambayo moduli haikuyafikia, na ninaamini chuo kingepata faida kubwa kama kingerekodi maelezo mafupi ya Kiswahili kando ya kila somo, kwa sababu lugha tunayoongea na mama leba ni hiyo. Ila kundi hilo pia lilitupeleka mahali pabaya mara moja, mwanafunzi alipotuma picha ya kadi ya mgonjwa yenye jina, akiomba ushauri kwa nia njema. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taaluma yetu ilikuwa na kiapo cha usiri muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Chuo hakikuwa kimetupa mwongozo wowote kuhusu hilo, ingawa kilijua kundi lipo. Tulijitungia wenyewe: hakuna jina, hakuna sura, hakuna namba ya jalada, na picha yenye taarifa hizo ikitumwa ifutwe papo hapo.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Ada yenyewe ilikuwa chini kidogo ya ile ya kukaa bweni, lakini ukijumlisha bando, nauli za safari nane za chuoni na chakula cha wiki 16, tofauti inakaribia kwisha. Faida halisi ni mshahara ambao haukukatika na watoto ambao hawakuachwa. Kwa mama mwenye familia hilo ni jambo kubwa kuliko ada.

Kwa hiyo, anayefikiria kujiunga, namshauri aende, lakini kabla ya kulipa aulize chuo siku ngapi hupita kati ya somo la video na zoezi la mkono, nani mwenye jukumu la kurekebisha masomo yaliyopitwa na wakati, na msimamizi wa kituoni anapewa nini na chuo. Asipopata jibu la swali la tatu, azungumze mwenyewe na mganga mfawidhi wake mapema, maana hilo linaweza kupangwa kituoni bila kusubiri chuo. Aliye mahali ambapo hakuna mtu wa ngazi ya juu yake kabisa ningemshauri aombe kufanya mafunzo yake kwa vitendo katika hospitali ya wilaya, hata ikimaanisha kulala huko siku kadhaa kila mwezi, kwa kuwa bila jicho la mwenye uzoefu kozi hii inabaki kuwa ya nadharia.

Mwezi ujao kituo chetu kinapokea wanafunzi wawili wa awamu inayofuata, na nimeombwa niwe msimamizi wao. Nimekubali baada ya mganga mfawidhi kuandika kwenye ratiba kwamba kila Alhamisi, saa nane hadi saa kumi alasiri, mimi na wanafunzi hao hatuhesabiwi katika zamu. Mwanasesere wa kujaza maji nimemnunua mwenyewe, na Bibi, ambaye sasa amestaafu na anakaa jirani, ameahidi kuja Alhamisi ya kwanza kuwaonyesha jinsi ya kushika barakoa.